Kutatua Milinganyo Miwili Yenye Herufi Mbili: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mlinganyo mmoja wenye herufi mbili, kama vile 4x + y = 14, hauna jibu moja. Ukiweka x = 1 utapata y = 10, ukiweka x = 2 utapata y = 6, ukiweka x = 3 utapata y = 2, na unaweza kuendelea hivyo bila kikomo, kwa sababu kila thamani ya x ina thamani yake ya y inayoufanya mlinganyo uwe kweli. Ukipewa mlinganyo wa pili unaozihusu herufi zile zile, tuseme 5x − 2y = 11, ndipo jozi hizo zote zinapochujwa na kubaki ile tu inayoiridhisha milinganyo yote miwili kwa pamoja. Milinganyo ya namna hii huitwa milinganyo sawia, na kuitatua maana yake ni kuitafuta jozi hiyo.

Njia zinazofundishwa ni kadhaa, lakini zote hufanya kazi moja: kutoka katika milinganyo miwili yenye herufi mbili, hutengeneza mlinganyo mmoja wenye herufi moja, ambao kila mtu anaweza kuumaliza. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu jiulize ni herufi ipi iliyo rahisi kuiondoa katika milinganyo hii uliyonayo. Nusu dakika ya kuitazama milinganyo kabla ya kuanza huokoa nusu ukurasa wa hesabu, na kila njia iliyoelezwa hapa chini ina mahali inapofaa na mahali inaposumbua.

Kuipanga milinganyo kwanza

Milinganyo haiji daima ikiwa imepangwa vizuri. Huenda ukapewa 3(x − 2) = 2y + 7, na hapo kazi ya kwanza ni kufungua mabano na kuzikusanya herufi upande wa kushoto, namba tupu upande wa kulia. Ukifungua mabano unapata 3x − 6 = 2y + 7; ukitoa 2y pande zote mbili na kuongeza 6 pande zote mbili, unapata 3x − 2y = 13. Watu husema kwamba namba "inahama" upande na "kubadili alama", lakini kwa kweli hakuna kinachohama, bali kitu kile kile kimeongezwa au kimetolewa pande zote mbili. Jina lenyewe aljebra limetokana na neno la Kiarabu al-jabr, ambalo Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alilitumia kwa kitendo hiki hasa cha kukirejesha kiasi kilichotolewa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Mwanafunzi anayeikumbuka maana hiyo hababaiki na alama kama yule aliyekariri tu kwamba vitu huhama.

Baada ya kuipanga, iandike milinganyo yako mmoja chini ya mwingine, x chini ya x, y chini ya y, alama ya sawasawa chini ya mwenzake, kisha uipe namba ili uweze kuitaja bila kuiandika upya.

Njia ya kuweka badala

Njia hii hufaa pale ambapo herufi mojawapo imesimama peke yake bila namba ya kuizidisha, au ina alama ya kutoa tu mbele yake. Turudi kwenye milinganyo tuliyoanza nayo:

4x + y = 14 … (1)
5x − 2y = 11 … (2)

Katika mlinganyo wa (1), y haina namba mbele yake, kwa hiyo ni rahisi kuitenga: y = 14 − 4x. Sasa tunajua kwamba popote penye y tunaweza kuandika 14 − 4x badala yake. Tunakwenda kwenye mlinganyo wa (2), si wa (1), na kuweka:

5x − 2(14 − 4x) = 11

Mabano hapa ni ya lazima. Namba −2 inazidisha kila kilichomo ndani yake: −2 × 14 ni −28, na −2 × −4x ni +8x. Mlinganyo unakuwa 5x − 28 + 8x = 11, yaani 13x = 39, hivyo x = 3. Tukiirudisha thamani hiyo katika y = 14 − 4x, tunapata y = 14 − 12 = 2.

Kosa linalojitokeza zaidi katika njia hii ni kuandika −8x mahali pa +8x, na inafaa kulifuata kosa hilo hadi mwisho ili kuona linavyojificha. Ungepata 5x − 28 − 8x = 11, yaani −3x = 39, hivyo x = −13, na kutokana na y = 14 − 4x ungepata y = 66. Sasa jaribu kulihakiki jibu hilo katika mlinganyo wa (1): 4 × (−13) + 66 ni −52 + 66, yaani 14. Linaonekana sahihi kabisa! Sababu ni kwamba y ilipatikana kutoka katika mlinganyo huo huo wa (1), na kwa hiyo ingeuridhisha hata kama x ingekuwa namba yoyote ile. Ni mlinganyo wa (2) unaoufichua uongo, kwa kuwa 5 × (−13) − 2 × 66 ni −197, si 11. Hakiki jibu lako katika milinganyo yote miwili kama ilivyotolewa mwanzoni, na kama una muda wa kuhakiki mmoja tu, chagua ule ambao hukuutumia kuipata herufi ya pili.

Ukimaliza hatua ya kuweka badala ukajikuta herufi zote zimetoweka na kubaki 14 = 14, mara nyingi maana yake ni kwamba umeweka badala katika mlinganyo ule ule ulioitengea herufi. Rudi, uweke katika ule mwingine.

Njia ya kuondoa

Pale ambapo herufi zote zina namba mbele yake, kuitenga herufi moja huleta sehemu (namba kama 3/4) mapema, na sehemu huzaa makosa. Hapo mimi hupendelea njia ya kuondoa, ambayo hutumia ukweli kwamba ukijumlisha vitu vilivyo sawa na vitu vilivyo sawa, jumla zake nazo huwa sawa. Tazama milinganyo hii:

7x + 3y = 25 … (3)
2x − 3y = 11 … (4)

Namba zinazoizidisha y ni 3 na −3. Tukijumlisha upande wa kushoto kwa upande wa kushoto na wa kulia kwa wa kulia, y inajifuta yenyewe: 9x = 36, hivyo x = 4. Tukiiweka katika mlinganyo wa (3) tunapata 28 + 3y = 25, yaani 3y = −3, na y = −1. Uhakiki katika mlinganyo wa (4) unatoa 8 + 3 = 11, kama inavyotakiwa.

Namba hizo zikiwa na alama zinazofanana, mlinganyo mmoja hutolewa kutoka katika mwingine, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa:

5x − 2y = 16 … (5)
5x + 4y = −2 … (6)

Tukitoa wa (6) kutoka katika wa (5), x inaondoka. Upande wa kushoto unabaki −2y − 4y, yaani −6y, na upande wa kulia ni 16 − (−2), yaani 18. Hivyo −6y = 18 na y = −3, kisha 5x + 6 = 16 inatupa x = 2. Anayefanya haraka huona 2 na 4 akaandika 2y, huona 16 na 2 akaandika 14, kisha hutangaza kwa furaha kwamba y = 7. Namba nzima iliyopatikana kwa urahisi si ushahidi wa chochote.

Kinga yake ni ndogo na inafaa kuifanya kuwa mazoea. Badala ya kutoa, zidisha mlinganyo mzima wa pili kwa −1, yaani geuza kila alama iliyomo, ukiwemo upande wa kulia, kisha jumlisha. Mlinganyo wa (6) unakuwa −5x − 4y = 2, na kujumlisha na wa (5) kunatoa −6y = 18 moja kwa moja. Unaongeza mstari mmoja wa kuandika, lakini unaondokana na kutoa namba hasi kichwani.

Namba zisipolingana

Mara nyingi hakuna herufi ambayo namba zake zinalingana tayari, nawe ndiye unayepaswa kuzilinganisha. Chukua hii:

6x + 5y = 8 … (7)
4x + 7y = −2 … (8)

Chagua herufi ya kuiondoa, kisha tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha namba zake mbili, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila baki. Kwa x namba ni 6 na 4, na KDS yake ni 12. Kwa y ni 5 na 7, na KDS yake ni 35. Ni dhahiri kwamba 12 itatupa namba ndogo zaidi za kushughulika nazo, kwa hiyo tunaiondoa x. Mlinganyo wa (7) unazidishwa kwa 2 na wa (8) unazidishwa kwa 3:

12x + 10y = 16
12x + 21y = −6

Hapa ni afadhali kutoa wa juu kutoka katika wa chini, ili 11y iwe chanya: 11y = −22, hivyo y = −2. Mlinganyo wa (7) unakuwa 6x − 10 = 8, na x = 3. Katika wa (8), 12 − 14 = −2, kwa hiyo jibu limesimama. Kama ungezidisha tu mlinganyo wa (7) kwa 4 na wa (8) kwa 6 bila kujali KDS, ungefika pale pale, ila kwa namba kubwa maradufu. Kosa la kuchunga hapa ni kuuzidisha upande wa kushoto na kuusahau wa kulia.

Si kila jibu ni namba nzima, na sehemu isikufanye udhani umekosea. Milinganyo 3x + 5y = 4 na 4x − y = 5 inaonekana ya upole, lakini ukizidisha wa pili kwa 5 na kujumlisha unapata 23x = 29, yaani x = 29/23. Badala ya kuibeba sehemu hiyo na kuiweka katika mlinganyo mwingine, rudi mwanzo uiondoe x kwa njia ile ile: zidisha wa kwanza kwa 4 na wa pili kwa 3, utoe, upate 23y = 1 na y = 1/23. Faida nyingine ni kwamba kosa lililofanyika wakati wa kuitafuta x haliambukizi y.

Milinganyo yenye sehemu au desimali

Sehemu ziondolewe kabla ya jambo lingine lolote. Ukipewa

x/4 + y/6 = 3 … (9)
x/2 − y/3 = 2 … (10)

zidisha kila mlinganyo kwa KDS ya asili zake, yaani namba zilizo chini ya mstari wa sehemu. Kwa wa (9), KDS ya 4 na 6 ni 12, hivyo unapata 3x + 2y = 36; kwa wa (10), KDS ya 2 na 3 ni 6, hivyo unapata 3x − 2y = 12. Jumlisha: 6x = 48, x = 8, na y = 6. Desimali hushughulikiwa vivyo hivyo kwa kuzidisha na 10 au 100. Kwa mfano 0.3x + 0.2y = 1.3 ni sawa na 3x + 2y = 13.

Jibu lisipopatikana, au yakipatikana mengi mno

Jaribu kutatua 2x + 3y = 7 pamoja na 4x + 6y = 10. Ukizidisha wa kwanza kwa 2 unapata 4x + 6y = 14, na ukitoa, herufi zote mbili zinatoweka na kubaki 4 = 0, jambo lisilowezekana. Hukukosea popote, milinganyo hiyo inasema mambo mawili yanayopingana, na hakuna jozi inayoweza kuiridhisha yote miwili. Andika wazi kwamba haina jibu.

Kama mlinganyo wa pili ungekuwa 4x + 6y = 14, ungebaki na 0 = 0, ambayo ni kweli lakini haikuambii kitu. Hapo mlinganyo wa pili ni ule wa kwanza uliovaa nguo nyingine, na majibu hayana idadi: (2, 1), (5, −1), (−1, 3) na kila jozi nyingine inayoufanya 2x + 3y kuwa 7. Tofautisha vizuri 0 = 0 na x = 0, kwa kuwa x = 0 ni jibu halali kama jibu lingine lolote.

Milinganyo kama michoro

Kila mlinganyo wa namna hii, ukichorwa kwenye grafu, hutoa mstari mnyoofu, na jibu la milinganyo miwili ni mahali mistari yake inapokatana. Mistari iliyo sambamba haikatani, na ndiyo maana wakati mwingine hakuna jibu. Mistari inayolaliana ina nukta zote kwa pamoja, na ndiyo maana wakati mwingine majibu hayana idadi. Kuchora mstari mmoja kunahitaji nukta mbili tu, ila nukta ya tatu hufichua kosa. Kwa mlinganyo wa (1) zingekuwa (2, 6), (3, 2) na (4, −2).

Nasema kwa uwazi kwamba grafu ni njia nzuri ya kuelewa na njia dhaifu ya kupata jibu. Hakuna macho yatakayosoma 29/23 kwenye karatasi ya miraba. Hatari huzidi mistari inapokaribia kuwa sambamba, na hilo si tatizo la kalamu peke yake. Milinganyo x + y = 2 na x + 1.01y = 2.01 ina jibu x = 1, y = 1. Badilisha 2.01 iwe 2.02, mabadiliko ya moja ya mia tu, na jibu linarukia x = 0, y = 2. Kama namba zako zimetokana na vipimo, na vipimo daima vina makosa madogo, milinganyo ya aina hiyo isiaminiwe hata ikitatuliwa kwa kompyuta.

Kanuni ya mkato

Ukiandika milinganyo yako kwa ujumla kama ax + by = m na cx + dy = n, na kuitumia njia ya kuondoa juu ya herufi hizo zote, unapata kanuni ifuatayo:

x = (dm − bn) / (ad − bc)
y = (an − cm) / (ad − bc)

Hii huitwa Kanuni ya Cramer, kwa jina la mwanahisabati Gabriel Cramer wa Geneva, aliyeichapisha mwaka 1750 kwa ajili ya milinganyo ya idadi yoyote. Kwa milinganyo ya (7) na (8), ad − bc ni 42 − 20, yaani 22; x ni (56 + 10)/22, yaani 3; na y ni (−12 − 32)/22, yaani −2, kama tulivyoona. Matumizi yake mazuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ya kupima kabla ya kuanza: kokotoa ad − bc, na ikiwa ni sifuri ujue mapema kwamba milinganyo ama haina jibu ama ina majibu yasiyo na idadi. Kwa kutatua, asiyeimudu njia ya kuondoa ataisahau pia kanuni hii, kwa kuwa herufi zake ni rahisi kuchanganyika.

Kutoka maneno hadi milinganyo

Maswali ya maneno huogopesha kuliko yanavyostahili. Tuseme miaka 5 iliyopita umri wa mzazi ulikuwa mara 5 ya umri wa mtoto wake, na baada ya miaka 10 kutoka sasa utakuwa mara 2 ya umri wa mtoto. Anza kwa kuandika, kwa sentensi kamili, kila herufi inasimama badala ya nini: umri wa sasa wa mzazi ni x, umri wa sasa wa mtoto ni y, yote kwa miaka. Neno "sasa" lina uzito hapo, kwa kuwa swali linataja nyakati tatu na herufi lazima ishikilie wakati mmoja.

Miaka 5 iliyopita mzazi alikuwa na x − 5 na mtoto y − 5, hivyo x − 5 = 5(y − 5), na tukipanga tunapata x − 5y = −20. Baada ya miaka 10 mzazi atakuwa na x + 10 na mtoto y + 10, hivyo x + 10 = 2(y + 10), yaani x − 2y = 10. Kuna makosa mawili ya kuangalia: kumrudisha nyuma mzazi na kumwacha mtoto katika umri wake wa leo, na kuiweka 5 upande wa mzazi kwa sababu ndiye aliyetajwa pamoja nayo. Jiulize nani mdogo, kwani huyo ndiye anayezidishwa.

Ukitoa mlinganyo wa kwanza kutoka katika wa pili unapata 3y = 30, hivyo y = 10 na x = 30. Hapa uhakiki ufanywe katika maneno ya swali, si katika milinganyo, kwa sababu milinganyo uliiandika mwenyewe na huenda ndiyo iliyokosewa. Miaka 5 iliyopita walikuwa na miaka 25 na 5, na 25 ni mara 5 ya 5; baada ya miaka 10 watakuwa na 40 na 20, na 40 ni mara 2 ya 20.